UZI: Aleksandria ya Misri, mji uliojengwa kwa mawe yake wenyewe

#1 Ramani ya Kale (mleta uzi)

Wakuu, ukitaja Aleksandria watu wengi hukumbuka vitu viwili, mnara wa taa na maktaba ya kale, kisha husema vyote vilipotea. Nafungua uzi huu kwa sababu kauli hiyo inapotosha. Mji wa kale haukupotea. Sehemu yake imezama baharini, sehemu iko mita kadhaa chini ya lami, na sehemu kubwa imo ndani ya kuta za majengo yaliyofuata. Ukijua pa kutazama, utauona hadi leo.

Tuanze na ardhi, maana bila ardhi majengo hayaeleweki. Mwaka 331 KK Aleksanda Mkuu alichagua ukanda mwembamba wa mwamba wa chokaa, kaskazini bahari ya Mediterania, kusini ziwa Mareotis (leo Mariut). Palikuwa na kijiji kikiitwa Rhakotis, na baharini mbele yake, zaidi kidogo ya kilomita moja, kisiwa cha Pharos. Kwa nini hapo na si kwenye mdomo wa Nile? Kwa sababu mkondo wa bahari pwani hiyo huelekea mashariki na kubeba mashapo ya mto upande huo. Bandari iliyo magharibi mwa midomo ya Nile haizibwi na tope.

Msanifu Deinocrates alipanga mitaa kwa miraba. Plutarch anasimulia kuwa chokaa ya kuchorea mistari ilikosekana, wakatumia unga wa shayiri, ndege wakashuka wakaula. Mitaa yenyewe ilielekezwa ili pepo za kiangazi zitokazo kaskazini-magharibi ziingie mjini na kupoza nyumba. Barabara kuu, ile ya Canopus, ilikuwa na upana wa takriban mita 30, na Sharia Fouad ya leo inafuata karibu njia ileile. Mwaka 1866 mhandisi Mahmoud el-Falaki alichimba sehemu mbalimbali na kuchora ramani ya miraba hiyo. Watafiti bado huanzia kwenye ramani yake.

Kisha wakajenga tuta la mawe kutoka nchi kavu hadi kisiwani, Heptastadion, yaani "stadia saba", kama mita 1,200 hivi. Lilikuwa na mapito mawili yenye madaraja juu ili vyombo vipite chini. Tuta likikata bahari, mawimbi hupungua nguvu pembeni yake na mchanga hutua. Karne kwa karne mchanga ukajaa pande zote mbili. Leo pale ni nchi kavu pana yenye maduka na ghorofa, na anayetembea kutoka Mansheya kwenda Anfushi anapita juu ya tuta hilo.

Karibuni tuendelee. Naomba tuweke vipimo na miaka, tusiweke hadithi tupu.

#2 Bahari Mbili

Mkuu, umeweka msingi mzuri. Niongeze la bandari, maana wengi hulikosea.

Tuta lile liligawa maji sehemu mbili. Bandari ya Mashariki ndiyo "Bandari Kuu" ya kale, iliyopakana na majumba ya wafalme. Bandari ya Magharibi iliitwa Eunostos, "marejeo mema". Leo mambo yamegeuka: meli kubwa zote huingia Magharibi, na Mashariki imebaki na mashua za wavuvi. Sababu ni maumbile. Mashariki ni kina kifupi, ina miamba mdomoni na iko wazi kwa upepo wa kaskazini, kwa hiyo nanga hukokoteka dhoruba ikija. Magharibi ni kina kirefu na ina kinga. Zama za Waosmani meli za Wakristo zililazimishwa kutia nanga Mashariki, na Magharibi ikaachiwa meli za Waislamu, hadi Muhammad Ali, mtawala wa Misri wa karne ya 19, alipoifungua kwa wote. Kivunja mawimbi kikubwa cha Magharibi kilijengwa miaka ya 1870.

Kulikuwa na bandari ya tatu ambayo husahaulika: ya ziwani. Strabo, aliyeishi mjini humo mwishoni mwa karne ya 1 KK, anaandika kuwa bandari ya ziwa ilikuwa tajiri kuliko ya bahari. Bidhaa za Bahari ya Hindi zilipanda Bahari ya Shamu, zikavuka jangwa kwa ngamia hadi Coptos, zikateremka Nile kwa mashua na kuingia Mareotis. Pembe za ndovu za pwani yetu zilipita njia hiyo. Ndiyo maana Klaudio Ptolemaio, aliyefanya kazi Aleksandria karne ya 2 BK, aliweza kuandika kuhusu Rhapta, mji wa biashara wa Azania, bila kufika huku. Aliandika yaliyoletwa na mabaharia.

#3 Kipimo

Wakuu, swali la mnara. Nakutana na urefu wa mita 100, mahali pengine 120, kwingine 140. Upi ni sahihi?

#4 Mwashi wa Chokaa

Kipimo, hakuna aliyetuachia kipimo kwa mita. Waandishi wa Kiarabu walitoa urefu kwa dhiraa, na dhiraa ilikuwa na urefu tofauti kulingana na mahali na kazi. Ukizidisha kwa dhiraa fupi unapata mnara mfupi, kwa dhiraa ndefu unapata mrefu. Linalokubalika ni kwamba ulipita mita 100. Ulikamilika takriban mwaka 280 KK, enzi ya Ptolemaio II, na jina linalohusishwa na ujenzi wake ni Sostratus wa Cnidus.

Umbo lake tunalijua vizuri zaidi: ghorofa ya chini ya mraba, ya kati yenye pembe nane, ya juu duara. Al-Balawi, msafiri wa Andalusia, aliupima mwaka 1166, na ndani alikuta njia ya mteremko inayozunguka badala ya ngazi. Njia ya namna hiyo wanyama hupanda na mizigo, na moto ulihitaji kuni kila usiku, basi kazi yake iko wazi. Zama za Kiislamu juu yake palikuwa na msikiti mdogo. Ibn Jubayr aliuona mwaka 1183.

Ulivyokufa: matetemeko. La mwaka 956 liliangusha sehemu ya juu. La Agosti 1303 ndilo lililouvunja hasa. Jengo refu la mawe linabeba uzito vizuri sana kwenda chini, lakini likitikiswa ubavuni viungo hufunguka, na kila tetemeko linakuta viungo vilivyokwisha legea. Ibn Battuta alifika mwaka 1326 akakuta upande mmoja umebomoka. Aliporudi mwaka 1349 hata mlango haukufikika. Katikati ya safari hizo mbili, mwaka 1331, alikuwa Mombasa na Kilwa.

Neno letu "mnara" ni la Kiarabu, *manara*, mahali pa mwanga. Wafaransa na Waitalia huita mnara wa taa *phare* na *faro*, kwa jina la kile kisiwa cha Pharos. Nusu ya dunia inataja jengo hili bila kujua.

Anayetaka kuona umbo lake kwa macho aende Abusir, kama kilomita 45 magharibi mwa mji. Kuna mnara wa kaburi wa zama za Ptolemaio wenye mpango uleule, mraba, pembe nane, duara, ila ni mdogo.

#5 Kifusi

Na ngome ya Qaitbay? Kila mwongoza watalii anasema imejengwa kwa mawe ya mnara. Ni kweli au ni maneno ya kuuzia tiketi?

#6 Mwashi wa Chokaa

Ni kweli, lakini tuseme kwa kiasi. Sultani Qaitbay wa Wamamluki aliijenga miaka ya 1477 hadi 1479, palepale mnara uliposimama, kwa kuhofia majeshi ya Waosmani. Mwili wa ngome ni mawe ya chokaa. Ndani ya kuta, hasa upande wa kaskazini-magharibi, kuna nguzo za graniti nyekundu zilizolazwa. Graniti haipo pwani hiyo hata kidogo. Inatoka Aswan, karibu kilomita 1,000 kusini, kwa mashua za Nile. Palipokuwa na kifusi kikubwa cha graniti ni hapo hapo. Kwa nguzo hizo hoja ina nguvu. Kwa kila jiwe la chokaa siwezi kuapa.

Mawe makubwa zaidi hayakuinuliwa na mtu, yamelala majini. Mzamiaji Kamel Abu al-Saadat aliyaona mwaka 1961, na mwaka 1968 UNESCO ikamtuma Honor Frost kuyachora. Baadaye mawimbi yakatishia msingi wa ngome, mwaka 1993 wakaanza kumwaga mabonge ya zege mbele yake, na mabonge hayo yakawa yanaangukia mabaki yenyewe. Kelele zikapigwa, kazi ikasimamishwa, na kuanzia 1994 kikundi cha Jean-Yves Empereur kikahesabu chini ya maji vipande zaidi ya 2,500: nguzo, sfinksi, sanamu, na mawe ya mlango ya makumi ya tani. Sanamu kubwa ya Ptolemaio iliyotolewa hapo sasa imesimama mbele ya maktaba mpya. Mwaka 2025 yaliinuliwa mawe makubwa 22, yakiwemo vizingiti na miimo ya mlango yenye tani 70 hadi 80 kila kimoja. Hayo ndiyo yanayotuambia ukubwa wa mlango wa mnara, na kwa ukubwa wa mlango wataalamu wanakadiria mengine.

#7 Bahari Mbili

Mkuu, tofautisha sehemu mbili za chini ya maji, watu huzichanganya. Mabaki ya Qaitbay yako nje ya mdomo wa bandari, upande wa bahari wazi. Majumba ya wafalme yako ndani ya Bandari ya Mashariki, na hayo yalichorwa ramani na kikundi cha Franck Goddio kuanzia miaka ya 1990: kisiwa cha Antirhodos, magati, sakafu za mawe. Yaliangushwa na matetemeko na ardhi kudidimia pamoja. Wimbi kuu la tarehe 21 Julai 365, lililotokana na tetemeko la Krete, lilipiga mji huo vibaya sana. Maji ya bandari ni machafu na mwonekano ni hafifu, kwa hiyo kazi nyingi ilifanywa kwa vifaa vya kupima sauti na sumaku kabla ya mzamiaji kushuka.

#8 Nguzo Moja

Naomba kusahihisha jambo linaloandikwa hovyo kila siku: "Nguzo ya Pompey". Pompey, jenerali wa Kirumi, hahusiki. Wasafiri wa Ulaya zama za Vita vya Msalaba walidhani kichwa chake kimehifadhiwa juu ya nguzo. Maandishi kwenye kitako yanamtaja Kaisari Diocletian, na iliwekwa takriban mwaka 298, baada ya yeye kuuzingira mji ulioasi na kuuteka. Wamisri wenyewe huiita Amud al-Sawari.

Vipimo: mwili wa nguzo ni jiwe moja la graniti ya Aswan, mita 20.46, uzito kama tani 285. Pamoja na kitako na kichwa ni karibu mita 27. Mtazame kitako kwa makini, wakuu. Chini yake wamepanga mawe ya majengo ya zamani zaidi, jingine likiwa na jina la Farao Seti I, aliyetangulia kwa miaka 1,500 na zaidi. Diocletian naye alijenga juu ya vipande.

Hapo palikuwa Serapeum, hekalu kubwa la mungu Serapis, na maktaba tanzu ya mji. Lilivunjwa mwaka 391. Miaka ya 1940 wachimbaji walipata vibao vya msingi vya Ptolemaio III, vya dhahabu, fedha, shaba na vitu vingine, vyenye maandishi ya Kigiriki na ya Kimisri. Bila vibao hivyo tungekuwa bado tunabishana nani aliyejenga.

Na nguzo nyingine za hapo zilikwenda wapi? Abd al-Latif al-Baghdadi anaandika kuwa nguzo kama 400 zilisimama kuizunguka hii moja, na gavana Karaja, zama za Salahuddin, alizivunja na kuzitupa ufukweni zipunguze nguvu ya mawimbi na kuzuia meli za adui. Kivunja mawimbi cha nguzo za hekalu! Inauma kusoma, ila ndiyo hali ya mji huu.

#9 Kisima cha Juu

Wakuu mmezungumzia mawe, hakuna aliyegusa maji, na bila maji mji ule usingeishi hata mwaka. Aleksandria haina mto. Maji yaliletwa kwa mfereji kutoka tawi la Canopus la Nile, na mfereji ulijaa wakati wa mafuriko tu, mwishoni mwa kiangazi. Kwa hiyo mji mzima uliishi kwa mabirika ya chini ya ardhi.

Kazi ilikwenda hivi. Mafuriko yakifika, maji ya kwanza yenye tope zito yanaachwa yapite. Kisha milango inafunguliwa, maji yanaingia kwenye njia za chini ya mitaa, na kila birika linajazwa na kufungwa. Tope linatua chini kwa wiki kadhaa, ndipo maji yanachotwa kwa ndoo au gurudumu la kuvutwa na mnyama. Kabla ya mafuriko mengine watu wanashuka kupitia mashimo ya pembeni na kuondoa mashapo. Birika lisilosafishwa hupoteza kina kila mwaka, na maji yake huoza.

Zuri la kuangalia ni birika la el-Nabih, katika bustani za Shallalat. Lina ngazi tatu za nguzo, moja juu ya nyingine, zimeunganishwa kwa matao. Nguzo zote zimetoka majengo ya kale, hazilingani, hivyo fundi alisawazisha urefu kwa vitako: nguzo fupi imepewa kitako kirefu, na vichwa vya nguzo vimetumika popote vilipofaa.

Plasta yake ni chokaa iliyochanganywa na unga wa matofali ya kuchoma, Wamisri huita *homra*. Unga huo unaungana na chokaa na kuifanya igande hata majini. Hapa ndipo ukarabati mbovu huharibu: mtu akipaka saruji ya kisasa juu ya plasta hiyo, saruji haipumui, chumvi inabaki nyuma yake, inaumuka, na inang'oka pamoja na plasta ya kale. Chokaa hukarabatiwa kwa chokaa. Wajenzi wa mji mkongwe wa Lamu na wa Unguja wanalijua hili vizuri.

#10 Kifusi

Swali kwa Kisima: makaburi ya Kom el-Shoqafa nayo yalijaa maji. Ni maji ya mabirika hayo?

#11 Kisima cha Juu

Hapana, ni maji ya ardhini. Nieleze kwa kirefu kidogo, maana mahali penyewe panastahili.

Kom el-Shoqafa maana yake ni kilima cha vigae. Jamaa wa marehemu walikuja kula na kunywa makaburini, wakaacha vyombo vilivyovunjika. Yaligunduliwa tarehe 28 Septemba 1900 punda alipotumbukia shimoni. Ni makaburi ya karne ya 2 BK yaliyochongwa ndani ya mwamba, ghorofa tatu kwenda chini, na unashuka kwa ngazi za mzunguko 99 zilizozunguka shimo ambalo maiti ziliteremshwa kwa kamba. Kuna chumba chenye viti vya mawe pande tatu kwa ajili ya karamu za maombolezo. Ndani kabisa utamkuta Anubis, mungu wa Misri mwenye kichwa cha mbweha, amevalishwa mavazi ya askari wa Kirumi. Fundi alichonga imani mbili katika mwili mmoja, na hajakosea popote. Kwangu hiyo ndiyo sanamu inayoueleza mji huu kuliko zote.

Tatizo: mwamba ni chokaa laini, na maji ya mabomba yanayovuja, majitaka na ziwa Mariut yanapandisha kina cha maji. Ghorofa ya tatu ilizama kwa miongo mingi. Maji yenyewe si adui mkubwa. Adui ni chumvi: ukuta unanyonya maji, yanakauka juu, chumvi inaganda ndani ya vitundu vya jiwe na kulipasua punje kwa punje. Mwaka 2019 ulikamilika mradi wa kushusha maji hayo kwa visima na pampu kuzunguka eneo. Kazi hiyo inahitaji uangalifu. Kisima kisipozungushiwa kokoto za kuchuja, pampu hutoa mchanga laini pamoja na maji, na ardhi juu yake hushuka. Pampu ikizimwa, maji hurudi. Huwezi kusema umemaliza.

Nje ya mji, kusini-magharibi, kuna Abu Mena, mji wa hija wa Wakristo wa kale. Uliwekwa katika orodha ya hatari ya UNESCO mwaka 2001 kwa sababu maji ya umwagiliaji yaliufanya udongo chini ya misingi kuwa uji. Umeondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2025.

#12 Ramani ya Kale (mleta uzi)

Shukrani sana Kisima. Kwa kuwa umetaja Wakristo: Kiti cha Aleksandria bado kinafika kwetu. Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania walio chini ya Patriaki wa Kigiriki wanamwombea "Papa na Patriaki wa Aleksandria na Afrika yote".

Nani atugusie misikiti?

#13 Wakfu

Nitajaribu. Baada ya Amr ibn al-As kuuteka mji mwaka 641-642, makao makuu yalihamia Fustat (ndani ya Cairo ya leo), na Aleksandria ikaanza kupungua. Napoleon alipotua Julai 1798 palikuwa na watu elfu chache tu, wengi wao wakiishi kwenye ile nchi iliyojazwa na mchanga juu ya Heptastadion. Sehemu hiyo huitwa Mji wa Kituruki, na humo ndimo ilimo misikiti ninayoipenda.

Msikiti wa Terbana, 1685, umejengwa ghorofani. Chini ni maduka na maghala, juu ni pa kusalia. Kodi ya maduka ni wakfu wa kuendesha msikiti: mafuta ya taa, mikeka, mshahara wa imamu. Jengo linajilisha. Mlangoni kuna nguzo mbili za kale za graniti zenye vichwa vya Korintho, na ndani nguzo nyingine za kale zinabeba dari. Ukuta wa mlango ni matofali mekundu na meusi yaliyopangwa kwa ruwaza, mistari kati yake ikipakwa chokaa nyeupe, mtindo wa mji wa Rashid na Delta ya Nile. Msikiti wa Shorbagi, 1758, una mpango huohuo.

Abu al-Abbas al-Mursi, msikiti mkubwa wa Anfushi, ni kitu kingine kabisa. Walii mwenyewe alizaliwa Murcia, Andalusia, akafariki 1286. Jengo la sasa ni la karne ya 20, kazi ya msanifu Mwitalia Mario Rossi: ukumbi wa pembe nane, mnara wa mita 73. Wengi wanadhani ni la Wamamluki kwa sababu Rossi alichukua ruwaza zao kwa uaminifu, lakini mpango wa pembe nane kwa msikiti wa Ijumaa si wao.

#14 Mansheya

Nichukue karne ya 19. Muhammad Ali alipotaka mji ufufuke, alianza na maji, kama Kisima alivyosema. Mfereji wa Mahmoudiya ulichimbwa kati ya 1817 na 1820 kwa kazi ya kulazimishwa, na maelfu ya wakulima walifia humo. Asisahau hilo anayesifu majumba. Kabla ya hapo, mwaka 1801, Waingereza walikata tuta na kuingiza maji ya bahari katika ziwa Mariut ili kuwatenga Wafaransa, wakazamisha mashamba.

Mwaka 1834 iliundwa Tume ya Ornato ya kusimamia mitaa na sura za majengo, na Francesco Mancini akapanga uwanja wa Mansheya. Reli ya kwenda Cairo ilikamilika 1856, ya kwanza Afrika. Kisha tarehe 11 Julai 1882 manowari za Uingereza zikapiga mji. Mnara wa msikiti wa Qaitbay ukaanguka, na moto uliofuata ukaiteketeza Mansheya. Kanisa la Mtakatifu Marko la Waanglikana likapona, pamoja na sanamu ya Muhammad Ali juu ya farasi. Ghorofa nyingi za Kiitaliano unazoona leo uwanjani zilijengwa baada ya moto huo. Majengo yenye madirisha ya Kivenisi na hoteli ya Cecil ufukweni ni ya baadaye, miaka ya 1920, kazi za Giacomo Alessandro Loria.

#15 Kipimo

Na zile sindano za Cleopatra?

#16 Nguzo Moja

Si za Cleopatra. Ni obeliski, yaani nguzo za jiwe moja zenye ncha, za Farao Thutmose III, zilisimama Heliopolis, zikaletwa Aleksandria mwaka 13/12 KK mbele ya hekalu la Kaisari, karibu na kituo cha Raml cha leo. Moja iko London tangu 1878: ilisafirishwa ndani ya silinda ya chuma, ikapotea katika dhoruba ya Biscay, mabaharia sita wakafa, kisha ikaokotwa. Nyingine iko New York tangu 1881.

#17 Sahani

Niweke maktaba mpya, maana ni jengo lililobuniwa kwa kuuelewa mji. Ilifunguliwa Oktoba 2002, wabunifu ni Snøhetta wa Norwei walioshinda mashindano ya mwaka 1989. Ni sahani ya duara yenye kipenyo cha mita 160, imeinama kuelekea baharini, sehemu yake iko juu na sehemu imezama ardhini. Ukuta wa kusini ni graniti ya Aswan yenye herufi za maandishi 120 ya dunia. Ukumbi wa kusomea unashuka kwa matabaka, na madirisha ya paa yameelekezwa kaskazini ili nuru iingie bila jua kupiga vitabu.

Kazi ngumu ilikuwa chini. Bahari iko ng'ambo ya barabara, kwa hiyo walizungusha kwanza ukuta wa zege ndani ya ardhi, duara zima, ndipo wakatoa udongo katikati. Shimo likichimbwa bila ukuta huo lingejaa maji. Jengo lililo chini ya kina cha maji lina tatizo la pili: maji hulisukuma juu kama mashua. Upande wenye ghorofa nyingi ni mzito na hukaa, upande mwepesi hutaka kuelea, kwa hiyo nguzo za msingi hazifanyi kazi ya kubeba tu, nyingine hukamata na kuvuta chini.

#18 Mansheya

Mimi nina uchungu na majengo yasiyo ya kale wala mapya. Sheria namba 144 ya mwaka 2006 inalinda majengo yenye thamani, lakini ardhi ina bei kuliko nyumba, na kesi ya kuondoa nyumba kwenye orodha ikishinda, tingatinga linafuata. Villa Aghion ya Auguste Perret, ya miaka ya 1920, ilibomolewa 2014. Njia nyingine ni kuacha paa livuje: maji yakifika kwenye chuma cha zege karibu na bahari, kutu huvimba, zege linapasuka, na jengo linatangazwa kuwa hatari.

#19 Kifusi

Wakuu, mwenye siku mbili tu aanze wapi? Na atajuaje jiwe lililotumika tena?

#20 Ramani ya Kale (mleta uzi)

Siku ya kwanza anzia Kom el-Dikka, karibu na stesheni ya Misr. Ni ukumbi wa viti vya marumaru safu 13, ulioibuliwa na Wapoland waliochimba tangu 1960, na pembeni yake kumbi za mihadhara zaidi ya 20 zenye mabenchi ya mawe. Ukisimama hapo unatazama mita kadhaa chini ya barabara ya leo, ndiyo tofauti ya kina cha mji. Kisha Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi, yaliyofunguliwa tena Oktoba 2023 baada ya kufungwa tangu 2005. Mchana nenda Karmouz: nguzo na Kom el-Shoqafa viko karibu, unatembea kwa miguu. Siku ya pili Mansheya, Terbana, Anfushi, umalizie Qaitbay jioni. Maktaba iko Shatby, upande wa pili wa ghuba, itengee nafasi yake.

Jiwe lililotumika tena lina dalili. Graniti katika ukuta wa chokaa. Duara la rangi nyekundu katikati ya ukuta: huo ni mwisho wa nguzo iliyolazwa ikapita unene wa ukuta, inafunga nyuso mbili zisitengane mzinga ukipiga. Kichwa cha nguzo kilichogeuzwa kuwa kitako. Maandishi yaliyolala ubavu.

Pale Qaitbay, zunguka nje upande wa bahari, kaskazini-magharibi. Duara zile nyekundu zimo ukutani. Na bahari ikitulia, inama utazame majini chini yake.